Mkanda Hufunguliwa Mwisho

Bado nipo Hedaru. Fildi inaendelea, bumu lilishakata zamani, na intaneti ya hapa inashika vizuri ukisogea karibu na barabara kuu, kwa hiyo nikikawia kuonekana msidhani nimewasusa. Leo sina stori za hosteli wala za nani kashika sapu. Nina historia, tena historia ya kitu ambacho hakuna aliyetufundisha pale kitivoni.

Naanza na hili. Mnajua kwamba chini ya Bahari ya Hindi, kilomita kama 100 kutoka pwani ya Lindi, kuna kisima cha gesi kinaitwa Tangawizi? Siwatanii. Kampuni ya Statoil ya Norway (tangu 2018 inaitwa Equinor) ikishirikiana na ExxonMobil iliamua kuvipa visima vyake vya kitalu namba 2 majina ya viungo. Cha kwanza, mwaka 2012, kikaitwa Zafarani. Vikafuata Lavani, Tangawizi, Mdalasini, Giligilani. Majirani zao BG na Ophir, waliotangulia kupata gesi kwenye kina kirefu mwaka 2010, wao walichagua viumbe vya baharini: Pweza, Chewa, Jodari. Sisi watu wa wilaya ya Same tangawizi tunayoijua ni ya Mamba Myamba, upande wa pili wa milima hii, ile inayoshuka kwa magunia. Kumbe kuna nyingine, iko chini ya maji yenye kina cha zaidi ya kilomita 2!

Sasa swali la mtoto mdogo: wafanyakazi wanafikaje huko? Meli ya kuchimba inakaa mahali pamoja wiki na wiki. Watu wanabadilishana zamu, na hawaendi kwa boti, wanaenda kwa helikopta. Na hapo ndipo shemeji yangu anapoingia kwenye hadithi hii. Yeye ni mtu wa hapahapa Hedaru, alikuwa msaidizi wa jikoni kwenye meli mojawapo enzi zile za uchimbaji, helikopta zikiruka kutoka Mtwara. Ukimuuliza habari za kule hasimulii gesi wala mshahara. Anasimulia bwawa.

Kabla hujapanda helikopta ya baharini hata mara moja, unapelekwa kwenye mafunzo. Yeye walimpeleka nje ya nchi. Ndani ya jengo kuna bwawa refu la kuogelea, na juu ya bwawa kinaning'inia kibanda cha chuma chenye viti na madirisha, mfano wa helikopta isiyo na mapanga. Mnaingia, mnafunga mikanda, kibanda kinashushwa majini. Maji yanapanda magotini, tumboni, kifuani. Unavuta pumzi ya mwisho, halafu kibanda kinapinduliwa, miguu juu kichwa chini. Maji yanaingia puani, huoni kitu, na kile ulichokuwa unakiita juu sasa ndiyo chini. Mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha, mwingine uko kwenye kifungo cha mkanda. Na hapo ndipo ilipo kanuni inayowashinda wengi: usifungue mkanda! Unasubiri kibanda kitulie. Unasukuma dirisha litoke. Mkono wa kwanza unabaki palepale kwenye fremu. Ndipo unafungua mkanda na kujivuta kuufuata mkono wako.

Kwa nini mkanda uwe wa mwisho? Shemeji alijifunza kwa mateso. Raundi ya kwanza alifungua mapema, akaanza kuelea ndani ya kibanda kama gunzi kwenye ndoo, akapapasa ukuta, akapapasa mguu wa mwenzake, mpaka wazamiaji wa chuo wakamchomoa. Ukiwa umefungwa kitini, dirisha liko kulia kwako hata kama dunia imepinduka. Ukishaachia kiti, kulia hakuna tena. Mwili wote unakupigia kelele "fungua, toka", na mafunzo yote yale ni ya kuubishia mwili wako mwenyewe kwa sekunde kumi hivi.

Nikajiuliza kama mwanahistoria (mwanahistoria wa mwaka wa pili, lakini mwanahistoria): nani aligundua hili? Maana mtu hawezi kukaa tu kivulini akafikiri kuwa dawa ya kuzama ni kubaki umefungwa kwenye kiti.

Jibu ni kwamba walikufa watu kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa jeshi la majini la Marekani walikuwa wakiangukia baharini, ndege inapinduka, rubani mzima kabisa, hana hata mfupa uliovunjika, anazama akihangaika na mikanda. Kule Pensacola, Florida, mhandisi wao mmoja, Wilfred Kaneb, akaunda kiti cha rubani kinachoteleza kwenye reli hadi ndani ya bwawa na kupinduka. Wakakiita Dilbert Dunker. Dilbert alikuwa rubani wa katuni, yule wa hovyo asiyesikia la mkufunzi, ambaye jeshi lilimtumia kuwaonyesha vijana mambo ya kutofanya. Kama umewahi kuona filamu ya An Officer and a Gentleman ya mwaka 1982, ile mashine ya bwawani ndiyo hiyo.

Helikopta zilipoanza kuruka juu ya bahari tatizo likawa kubwa zaidi, na sababu yake ni rahisi kabisa. Injini, giaboksi na mapanga vyote viko juu ya paa. Ni kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani: akiteleza, ndoo haibaki juu. Helikopta ikitua majini mawimbi yakaisukuma kidogo, uzito wa juu unaivuta, inageuka tumbo angani. Jeshi hilohilo la Marekani lilipohesabu ajali zake za helikopta majini kati ya 1963 na 1975, waliokuwa wamepitia bwawa walitoka hai takriban 92 kati ya kila 100, na ambao hawakupitia walikuwa 66 tu. Bahari ileile, helikopta zilezile.

Lakini hao walikuwa wanajeshi. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norway, ndiyo yaliyoleta jambo hili kwa raia, yaani mafundi wa kuchomelea, wafagiaji, wapishi kama shemeji. Tarehe 6 Novemba 1986 helikopta kubwa aina ya Chinook iliyokuwa inarudisha wafanyakazi ilianguka karibu na uwanja wa Sumburgh, visiwa vya Shetland. Watu 47 walikuwemo, wakapona 2. Tarehe 6 Julai 1988 mtambo wa Piper Alpha ukalipuka, wakafa watu 167, na wengi wa waliopona ni wale walioruka baharini kutoka juu kabisa badala ya kusubiri. Tarehe 14 Machi 1992 helikopta iliyokuwa imetoka tu kwenye mtambo wa Cormorant Alpha ilianguka, wakafa 11 kati ya 17, wengine wakiwa wameshatoka ndani na kuuawa na baridi ya maji. Mambo kama hayo ndiyo yaliyozaa kozi ya siku 3 ambayo shemeji aliipitia: kupinduliwa bwawani, kuzima moto, kupanda kwenye boya kubwa la mpira, huduma ya kwanza. Kila baada ya miaka 4 unarudi kupinduliwa tena. Kwa bahari za joto kama yetu kuna toleo lake, halina lile vazi zito la kuzuia baridi. Halafu Agosti 2013, palepale Sumburgh, helikopta nyingine ikaanguka wakafa 4. Mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Uingereza ikataka abiria wawe na kifaa cha kupumulia chini ya maji na wakae karibu na dirisha wanaloweza kutokea. Ukiisoma kozi ile kipengele kwa kipengele, kila kipengele unaweza kukiwekea tarehe ya msiba pembeni.

Na isionekane kama ni dawa ya uchawi. Machi 2009 helikopta ya Cougar ilianguka pwani ya Newfoundland, Kanada, na watu 18. Wote walikuwa wamepitia bwawa. Akapona mmoja. Chombo kikigonga maji kwa kasi kubwa bwawa halikusaidii. Linakusaidia pale unapobaki hai baada ya kishindo, na hao ni wengi kuliko tunavyodhani.

Najua kuna mtu ameshasema moyoni, haya ya wazungu na mafuta yao yanatuhusu nini. Ngoja nikulete hapa jirani.

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, na baada ya hapo ingeendelea Afrika ya Kati na Magharibi. Ilikuwa na watu 175. Haikuchukua muda vijana watatu wakaingia kwa rubani, wakasema wao ni 11 na wana bomu, waelekezwe Australia. Rubani, Leul Abate, akawaeleza kuwa mafuta aliyopakia ni ya kufika Nairobi. Hawakumwamini. Walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege kwamba 767 inaweza kuruka saa 11 bila kutua. Jarida halikusema saa 11 zile zinahitaji tangi lililojaa! (Hapa ndipo ninapowakumbusha wenzangu wa somo la historia kuhusu kusoma chanzo nusunusu.)

Leul akashuka na pwani ya Afrika Mashariki kwa makusudi, asiiache nchi kavu mbali. Walipomlazimisha kugeukia mashariki akaelekea Komoro. Huko mafuta yakaisha, injini zote mbili zikazima. Alitaka kuufikia uwanja wa Ngazija, lakini vurugu ndani ya chumba cha rubani zikamfanya aukose, akaamua kutua majini karibu na ufuko wa hoteli ya Le Galawa huko Mitsamiouli. Bawa la kushoto likagusa maji kwanza, ndege ikapasuka vipande. Watalii na watu wa kisiwani, ambao Kingazija chao ukikisikiliza kwa makini unakamata maneno kibao, waliingia majini na boti zao wakaanza kuvuta watu. Wakapona 50. Wakafa 125, watekaji wote watatu wakiwemo. Mtalii mmoja alikuwa ufukweni na kamera ya video, ndiyo maana dunia iliiona ndege ile ikigusa maji. Na ndani yake alikuwemo Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyeanzia kazi yake Dar es Salaam, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliamsha ulimwengu. Alifariki humo.

Ila kinachoniuma mimi ni jambo moja. Wengi wa waliokufa hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamevaa majaketi ya kujiokolea, na walikuwa wameshayajaza upepo wakiwa bado wamekaa vitini. Fikiria. Maji yanaingia, jaketi limejaa, linakupandisha mpaka darini na kukubandika hapo. Mlango uko chini ya maji. Ili utoke lazima uzame kidogo, na kitu ulichokivaa kikuokoe ndicho kinachokukataza kuzama. Kanuni ya kujaza upepo ukishatoka nje ilikuwepo tangu zamani. Mhudumu huisema kila safari akionyesha kamba ya kuvuta kwa mikono miwili. Nani huwa anasikiliza? Tunachungulia dirishani, tunapiga picha bawa. Shemeji anasema bwawani walirudia kanuni hiyo hadi akawa anaiota, na mkufunzi alikuwa akiitaja Komoro kwa jina. Mtu wa Hedaru ameenda nchi ya mbali kufundishwa kilichotokea jirani na kwao.

Mwaka huohuo wa 1996, miezi sita kabla, Mei 21, MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza na kuua mamia. Hii kila Mtanzania anaijua, lakini angalia kwa jicho la bwawa. Meli ilipinduka, kuna watu walikuwa hai ndani yake, kwenye hewa iliyonaswa, wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa ganda wawatoe. Hewa ikatoka kupitia tundu, meli ikaenda chini. Nia ilikuwa njema kabisa. Elimu ya kwamba hewa ile ndiyo ilikuwa inaibeba meli haikuwepo mahali pale, saa ile. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa ameipata sehemu iliyobaki na hewa, akakaa humo gizani.

Halafu Bukoba tena, safari hii angani. Tarehe 6 Novemba 2022 (tazama tarehe, ni siku ileile ya Chinook ya Sumburgh, imepita miaka 36 kamili) ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Iko karibu kabisa na uwanja! Ilipotulia, pua ilikuwa chini ya maji na mkia juu. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Mlango wa nyuma ukafunguka, watu wakaanza kutoka, na kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa waliosaidia. Akaenda na mbele kuwatafuta marubani, akaumia, akazindukia hospitalini. Wakapona 24, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Serikali ilimpa zawadi ya fedha na nafasi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na magazeti yakamwita shujaa, na kweli ni shujaa. Mimi nilibaki na huo mlango. Waliokuwa nyuma walikuwa na mlango juu ya maji. Waliokuwa mbele ilibidi wajue, gizani, kwenye maji yenye tope, kwamba njia ya kutokea iko upande wa nyuma, na ni viti vingapi mpaka kuufikia.

Hicho ndicho kitu cha pili wanachofundishwa watu wa gesi: kabla ya kufunga mkanda, hesabu viti hadi mlangoni kwa kuvigusa kwa mkono. Ukishaingia gizani macho hayana kazi, hesabu inabaki mkononi.

Sasa tazama elimu hii inavyogawanywa. Anayekwenda kupika ugali kwenye meli ya gesi anapata siku 3 za bwawa kwa gharama ya kampuni. Baharia anasoma mafunzo ya msingi ya usalama, yapo pale Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI), na mkataba wa kimataifa wa mabaharia unamlazimisha. Abiria wa ndege ana dakika mbili za mhudumu. Na abiria wa boti ya Unguja na Pemba, ambaye ndiye mwenye misiba mingi kuliko wote hao, Spice Islander ya Septemba 2011 iliyopakia kupita kiasi na kuzama karibu na Nungwi, kisha Skagit ya Julai 2012 karibu na Chumbe, yeye anapata tiketi na mfuko wa kutapikia. Silaumu boti moja moja. Nasema kihistoria: fedha ya gesi ndiyo iliyoifuata elimu hii na kuilipia, na imebaki pale fedha ilipo.

Kwa nini nayaandika haya nikiwa Hedaru, mahali ambapo vumbi ndiyo habari ya kila siku? Kwa sababu shule ninayofanyia fildi inapanga safari ya kimasomo kwenda Zanzibar. Mji Mkongwe, soko la watumwa, Beit al-Ajaib kwa nje, mambo ya silabasi. Wanafunzi 34 wa kidato cha pili na cha tatu. Mwalimu wa somo kanipa mimi kazi ya kuongea na wazazi, eti kwa sababu nasoma Dar nimeshavuka mara mbili tatu. Kikao cha kwanza kiligoma. Mama mmoja, muuza vitunguu pale barabarani, alisimama akasema, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini mwanangu hapandi chombo. Hawa watoto maji yao ni ya ndoo." Watu wakacheka, ila hakuna aliyempinga.

Na ana hoja. Huku chini tambarare hakuna ziwa. Juu milimani kuna ndiva, yale mabwawa ya umwagiliaji ya wazee wetu Wapare, na kila mtoto wa juu ameonywa kuwa atachapwa akionekana anaogelea humo. Mto Pangani uko upande wa magharibi, una mamba. Darasani niliuliza nani anajua kuogelea, vikanyooshwa vidole vitano, vyote vya wavulana, na viwili kati ya hivyo sikuviamini.

Nikaamua kuwafundisha historia hii niliyowasimulia hapa, yote, na Komoro nikaipa kipindi kizima. Nilivunja moyo wa mpango wa somo uliotakiwa kuhusu Ureno pwani ya Afrika Mashariki, ila Vasco da Gama amesubiri tangu 1498, akisubiri hadi wiki ijayo hatadhurika. Kipindi cha pili tukahamia kwenye vitendo. Hatuna bwawa. Tuna madawati. Nikayapanga safu mbili kama viti vya boti, wakakaa, nikawaambia wafumbe macho, wasimame na kwenda mlangoni bila kufumbua. Mara ya kwanza ilikuwa fujo na kicheko, mmoja akaishia kabatini. Mara ya pili wakaruhusiwa kwanza kugusa na kuhesabu. Wakatoka wote 34, kimya, mkono juu ya dawati, mkono juu ya dawati. Tukatafuta na masweta, yakawa ndiyo jaketi: unavaa, unafika mlangoni, unavuka kizingiti, ndipo unavuta kamba. Ambaye alivuta kamba ndani alirudishwa mwisho wa foleni. Mpaka Ijumaa walikuwa wanarudishana wenyewe.

Hawajajifunza kuogelea, hilo nimewaambia wazazi bila kuficha. Jaketi likijazwa nje linambeba asiyejua kuogelea. Kazi yao ni kulifikisha nje.

Jumanne yule mama alikuja shuleni mwenyewe, na kanga mbili na kiroba chake begani, akasema mwanae amekuwa akihesabu viti vya nyumbani usiku akiwa amefumba macho, anagonga sufuria, sasa yeye anataka kuona hayo madawati. Nikampanga na wanafunzi. Akakataa kufumba macho, akasema atachungulia, hivyo akajifunga kanga usoni. Akaenda. "Moja... mbili... tatu..." Kwenye la saba akagusa mlango. Akafungua kanga, akaangalia nyuma alikotoka, akanyamaza kidogo.

Kisha akaniambia, "Basi mwandike. Lakini huyu akae dawati la kwanza karibu na mlango."

Nimemwandika. Tatizo ni kwamba tangu Jumanne wamekuja wazazi wengine kumi na mmoja, na kila mmoja anataka dawati hilohilo.